Kifaa Kigeni Katika Akaunti: Askari Asione Haya Kutoa Taarifa

Kila askari aliyepata kushika zamu kwenye ghala la silaha anajua kwamba kazi ya kwanza asubuhi si kusafisha bunduki bali ni kuzihesabu. Bunduki ikipungua, kambi nzima haitalala. Lakini bunduki ikizidi pia, yaani ikaonekana moja ambayo namba yake haimo daftarini, mkuu wa zamu mwenye akili hatafurahi kwamba jeshi limeongezewa silaha bure. Atauliza nani aliyeiingiza, lini, na kwa mlango upi. Tunayakumbusha haya kwa sababu leo tungependa kuzungumza na ndugu zetu wanajeshi na ndugu zetu wa polisi juu ya daftari jingine ambalo wengi wetu hatujapata kulifungua hata siku moja, nalo ni orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti zetu.

Kosa letu la kwanza ni la mawazo. Tunadhani akaunti imo ndani ya simu, na kwa kuwa simu imo mfukoni, basi akaunti nayo imo mfukoni. Sivyo hata kidogo. Akaunti ya barua pepe haikai katika simu; inakaa katika mitambo ya kampuni iliyo mbali, na simu ni mlango mmoja tu wa kuiendea. Hata WhatsApp, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya simu moja, tangu mwaka 2021 imeruhusu mtu kuunganisha hadi vifaa vingine 4 vinavyofanya kazi bila kuitegemea simu yenyewe kuwa hewani. Simu yako yaweza kuwa imezimwa, iko ndani ya sanduku chini ya kitanda huko Kanombe, ilhali kompyuta fulani mahali usipopajua inapokea kila neno unaloandikiwa. Signal, Telegram, Facebook na Google nazo zina utaratibu wa namna hiyo. Ni utaratibu mzuri kwa mtu wa ofisi anayetaka kuandika kwa kompyuta, nasi wenyewe tunautumia kila siku kazini.

Wako wanaojifariji kwa kusema kwamba ujumbe wa programu kama WhatsApp na Signal hufungwa kwa maandishi ya siri tangu kwa mwandishi hadi kwa mpokeaji, na kwamba hakuna awezaye kuusoma njiani. Ni kweli. Lakini kifaa kilichounganishwa hakiko njiani. Kimekwisha kufika mwisho wa safari pamoja nawe, kikahesabiwa kuwa ni wewe, kikapewa ufunguo kama ulionao. Tena mara nyingi wakati wa kuunganishwa hupewa na nakala ya mazungumzo ya siku za nyuma, ili mwenye kukitumia asihangaike. Hapo maandishi ya siri yanamlinda mgeni sawasawa na yanavyomlinda mwenye nyumba.

Tuseme yaliyotupata, maana si vyema kuwaonya wenzetu kwa mambo ya mbali tu. Sajini mmoja tunayefanya naye kazi alipasuka kioo cha simu mwezi mmoja kabla ya kupangiwa safari ya kikazi nje ya nchi. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akamwomba namba ya kufungulia simu ili aweze kuijaribu baada ya kubadilisha kioo, naye akampa, kama wanavyompa watu wote. Simu ikakaa huko tangu asubuhi hadi jioni. Siku kama kumi na nne hivi baadaye, akitafuta jambo jingine kabisa katika mipangilio ya WhatsApp, alikuta pameandikwa kwamba kuna kompyuta iliyounganishwa, na kwamba ilitumika mara ya mwisho saa nane za usiku. Sajini hana kompyuta, wala mke wake hana. Akaiondoa mara moja.

Kisha akanyamaza kwa siku tisa.

Katika siku zile za kabla ya kuiondoa, kundi la kikosi chake lilikuwa limeandikwa orodha ya wanaoondoka, tarehe ya kuripoti, nani amebadilishwa na nani kwa sababu ya ugonjwa, na picha ya karatasi ambayo kwa kweli haikupasa kupigwa picha. Hatusemi kwamba adui aliyasoma. Hatujui aliyekuwa upande wa pili, na hilo hasa ndilo jambo lenyewe, kwani kwa kukiondoa kifaa kile bila kwanza kupiga picha ya ukurasa au kuandika aina yake na saa yake, sajini aliifuta alama pekee iliyokuwapo. Alipotuambia hatimaye, tulimwuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo. Jibu lake lilikuwa fupi: “Afande, niliogopa kuondolewa kwenye orodha ya safari.”

Tumelifikiri jibu hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyofikiri juu ya fundi. Kwa maana tulijiuliza: kama angekuja siku ileile, sisi tungemfanya nini? Nasi tukikiri ukweli, yaelekea tungemfokea kwanza na kumsikiliza baadaye.

Wenye vita wamekwisha kuitambua njia hii. Mwezi Februari mwaka 2025, kitengo cha Google kinachochunguza mashambulizi ya kompyuta kilitoa taarifa kwamba makundi yanayofungamana na Urusi yalikuwa yakiwalenga wanajeshi wa Ukrainia kupitia akaunti zao za Signal. Hayakuvunja maandishi ya siri, hayakuhitaji. Yaliwatumia watu msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoadoa vyeusi na vyeupe, ukijifanya kuwa ni mwaliko wa kuingia kundini, au ni jambo la programu inayotumiwa na wapiga mizinga. Aliyeuskani kwa simu yake hakuingia kundi lolote. Aliunganisha kifaa cha adui na akaunti yake kwa mkono wake mwenyewe. Taarifa hiyohiyo ilieleza pia kwamba simu zilizotekwa katika uwanja wa mapambano zilitumiwa kuziunganisha akaunti za wenyewe na vifaa vya upande wa pili, ili mazungumzo yaendelee kusomwa. Mwenye simu huenda amekufa, au yu mateka. Wenzake katika kundi wanaendelea kuandika, wakiliona jina lake lipo.

Jambo hili si geni katika historia ya vita, ingawa vifaa ni vipya. Mwezi Machi mwaka 1942, huko Uholanzi, Wajerumani walimkamata mpiga redio Huub Lauwers, aliyetumwa na idara ya siri ya Uingereza iliyoitwa SOE. Wakamlazimisha kuendelea kupeleka taarifa London kwa redio yake ileile. Lauwers alikubali akiwa na tumaini moja: alikuwa amefundishwa kuweka kosa maalumu katika kila taarifa kama ishara ya usalama, na alijua kwamba akiliacha kosa hilo, London itafahamu kwamba ametekwa. Akaliacha. London haikujali. Ishara haikuwapo, lakini redio ilikuwa ni ileile, masafa yaleyale, na mkono wa mpigaji uleule; basi wakaendelea kumwamini, na wakaendelea kudondosha watu na silaha kwa miavuli mahali ambapo Wajerumani walikuwa wakingoja. Wapelelezi zaidi ya 50 waliangukia mikononi mwao, na wengi wao waliuawa. Mchezo huo uliendelea kwa miaka miwili, hadi tarehe 1 Aprili 1944, Wajerumani wenyewe walipopeleka ujumbe wa dhihaka usio na maandishi ya siri, wakiwaaga Waingereza.

Tumekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ya yule ofisa wa London aliyekuwa mezani na karatasi ikimwonyesha kwamba ishara haipo. Hakukosa habari. Alikuwa nayo mbele ya macho yake, akaiona kuwa ni usumbufu. Nasi orodha ya vifaa tunayo mfukoni, yatuambia kila kitu, na hatuifungui.

Basi ifunguliwe. Katika WhatsApp huingiwa kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Signal vivyo hivyo. Telegram huita sehemu hiyo vifaa. Katika akaunti ya Google hutazamwa sehemu ya usalama, penye vifaa vyako. Kazi hii haizidi dakika tano. Lakini kuna mambo ambayo asiyeyajua ama atashtuka bure, ama atajidanganya kwamba amemaliza.

Si kila kifaa usichokitambua ni cha adui. Google huweza kuonyesha simu moja mara kadhaa ikiwa umeingia kwa njia mbalimbali. Mahali panapoandikwa karibu na jina la kifaa hukisiwa kutokana na namba ya mtandao, kwa hiyo simu iliyo mikononi mwako hapa Kigali yaweza kuandikwa kuwa iko mji mwingine, na askari aliye Bangui au Cabo Delgado asistaajabu akijiona yuko mahali ambapo hajapata kukanyaga. Iko pia simu ya zamani aliyopewa mtoto, na kompyuta ya duka ulipokwenda kuomba cheti kwa Irembo ukaingia katika barua pepe yako ukasahau kutoka. Zaidi ya hayo, na tuseme bila kuficha, iko simu ya mke au ya mume. Wako watu ambao mgeni wao katika orodha analala nao chumba kimoja. Hayo ni ya nyumbani, na yafaa yazungumzwe nyumbani. Ila kila mmoja afahamu kwamba sheria yetu ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao yakataza kuingia bila ruhusa katika mfumo wa mtu mwingine, wala kutiliana shaka katika ndoa hakumpi mtu ruhusa hiyo.

Kikionekana kifaa ambacho kwa hakika hukijui, usikiondoe kwa pupa. Piga picha ya ukurasa huo kwa simu nyingine, au uandike katika karatasi aina yake, tarehe na saa. Ndipo ukiondoe. Katika WhatsApp kubadili zile tarakimu 6 za uthibitisho peke yake hakutoshi, maana kazi yake ni kumzuia mtu asisajili namba yako katika simu nyingine. Hazimtoi aliyekwisha kuunganishwa. Katika Google, kubadili neno la siri huvitoa vifaa vingi lakini si vyote, kwa hiyo orodha itazamwe tena baada ya kubadili. Kisha itazamwe namba ya simu na anwani ya barua pepe iliyowekwa kwa ajili ya kurudishiwa akaunti, kwani mwizi hodari huibadilisha hiyo kabla ya jambo lolote, na ukimfukuza kwa mlango wa mbele hurudi kwa wa nyuma. Aanze na barua pepe yeyote asiyejua pa kuanzia. Huko ndiko zinakokwenda barua za kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine karibu zote.

Na jambo hili liandikwe kwa wino mweusi: kukiondoa kifaa hakukirudishi kilichokwisha kusomwa. Orodha iliyonakiliwa imenakiliwa. Ndiyo sababu taarifa kwa mkuu wako haiwezi kuchukuliwa kuwa ni hiari ya mwenye simu. Simu ni yake. Majina yaliyomo katika kundi, saa za doria na tarehe za safari si zake. Afisa wa polisi aliyeandikiana na raia aliyemletea habari za wauza dawa za kulevya hana haki ya kuamua peke yake kwamba “si kitu, nimeshaiondoa”. Yuko mtu huko Nyamirambo au Rubavu ambaye jina lake lilikuwa katika mazungumzo hayo, naye hajui kwamba anapaswa kujihadhari.

Hapa ndipo tunapotaka kuzungumza na wakuu, kwa heshima inayowastahili, na ieleweke kwamba haya ni maoni yetu wala si amri ya mtu yeyote. Tunaona kwamba askari anayekuja mwenyewe, siku ileile aliyogundua, akasema “Afande, nimekuta kifaa nisichokijua”, asiadhibiwe kwa sababu ya kudanganywa. Aadhibiwe aliyejua akaficha. Tunafahamu kwamba wako watakaosema huu ni ulegevu, na kwamba nidhamu ya jeshi haijajengwa kwa kusamehe uzembe. Tunawajibu kwa swali: ni uzembe upi tunaouogopa zaidi? Wa mtu aliyempa fundi namba ya simu asubuhi moja, au wa siku tisa za ukimya zilizofuata? Wa kwanza umekwisha kutokea na adhabu haitaufuta. Wa pili tunautengeneza sisi wenyewe, kila tunapomkaripia mleta habari mbaya mbele ya wenzake, nao wenzake wakajifunza.

Katika mambo mengine jeshi limekwisha kulijua hilo. Askari anayeripoti kwamba amepoteza ramani hushughulikiwa kwanza ramani, kisha yeye. Rubani anayekiri kwamba alikosea kidogo angani husikilizwa, kwa sababu katika usafiri wa ndege imeonekana kwamba makosa madogo yanayosemwa huzuia makubwa. Hatuoni kwa nini simu iwe na desturi yake ya pekee.

Wako pia wanaopendekeza dawa ya mkato, yaani simu zipigwe marufuku kabisa. Katika operesheni, sawa. Pana mahali na saa ambapo simu haipaswi kuwapo, na amri hiyo haina mjadala. Lakini kuizuia katika maisha yote ya askari haiwezekani. Mshahara, akiba yake Zigama, karo ya watoto, ombi la cheti, habari za mama mgonjwa kijijini, vyote vinapitia humo. Ukimnyang'anya moja atanunua ya pili ya kificho, na ya kificho haihesabiwi na mtu. Hili tumeliona.

Yapo mambo ambayo kikosi kinaweza kuyafanya bila gharama. Kabla ya kuondoka kwa safari ya ujumbe, wakati ambapo afya, vyeti na mavazi hukaguliwa, ziongezwe dakika kumi ambapo kila mmoja anafungua orodha yake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, bila mkuu kutazama mazungumzo ya mtu. Sheria ya mwaka 2021 juu ya ulinzi wa taarifa binafsi haikuwaacha askari nje, na mkuu anayepekua simu za watu kwa kisingizio cha usalama atawafanya wazifiche. Simu inayopelekwa kwa fundi ifutwe kwanza au mwenyewe asimame palepale. Na kama haiwezekani, orodha itazamwe jioni ileile simu inaporudi. Simu inayouzwa au kupewa ndugu iondolewe katika akaunti zote kabla ya kutoka mkononi. Simu ikipotea au askari akitekwa au kufariki, aliye mkuu wa kundi lao la mawasiliano amwondoe mwenzake kundini saa hiyohiyo, ingawa moyo utamwuma. Kundi lenyewe lifungwe, lifunguliwe jipya. Na palipo na dalili ya wizi au ujasusi, mbali na ngazi za kikosi, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, inapatikana kwa namba 166 bila malipo.

Msimbo wa QR nao usiskaniwe ovyo. Ukitokea kwenye simu yako ukurasa unaouliza kama wataka kuunganisha kifaa, nawe ulidhani unaingia kundini au unapokea zawadi, jibu ni hapana. Hakuna kundi halali linalodai hivyo.

Yule sajini wetu hakuondolewa kwenye orodha ya safari. Tarehe moja na magari mawili ndivyo vilivyobadilishwa, na karatasi ile iliyopigwa picha ikaandikwa upya. Siku hizi Jumapili jioni, baada ya kuitwa majina, huwakumbusha wenzake wafungue orodha zao, nao humcheka kidogo kisha hufungua. Majuzi koplo mmoja alikuta akaunti yake ya YouTube bado imo katika televisheni ya hoteli aliyolala mwaka jana wakati wa mafunzo. Akaitoa palepale, akauliza kama na televisheni nayo ni ya kutolewa taarifa. Aliambiwa ndiyo, na daftari likaletwa.